Mlango Mfupi wa Namba Mbili

Juzi alinijia kijana wa ofisi hapa Garsen, drili begani na mfuko wa vibati vya buluu mkononi, kila kibati na namba yake. Akaniamkia vizuri, kisha akanieleza sheria mpya: kila nyumba lazima ionyeshe namba, upande wa kulia wa geti, ikitazama barabara, kimo cha macho ya mtu mzima. Mimi shule niliiacha mapema, nikaja kumalizia ngumbaru, darasa la jioni, ukubwani, na kwa hiyo neno halinipiti hivi hivi bila kulishika mkono. Nikamuuliza, "Mtu mzima yupi?"

Akadhani namtania. "Yeyote tu, mathe. Mtu mzima ni mtu mzima."

Nilicheka mpaka nikashikilia ukuta, na kuku wa mtaa mzima wakanyamaza kunisikiliza. Rafiki yangu, kama ungelelewa nilikolelewa mimi, nawe ungecheka. Kijana akapigilia kibati chake akaenda zake, akiwa na hakika kwamba mama wa nyumba ile ana jambo kichwani. Na ni kweli ninalo. Nina jirani mmoja kichwani, na nimemweka humo miaka yote hii, simtoi, simpi hata maji.

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa mto Tana, ukipita Kulesa unaendelea. Nikifumba macho nausikia mchi wa nyanya yangu ukitwanga mpunga, na viboko wakikoroma mtoni jioni kama wazee walioshiba. Nasikia harufu ya kambare wakikaushwa juu ya moshi, harufu iliyoingia kwenye nguo, kwenye nywele, na nadhani hata kwenye hesabu zangu za shule, maana mwalimu alikuwa akifungua daftari langu anageuza uso. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege shambani kwa kupiga debe. Nililipiga debe lile kwa nguvu hata ndege wa Wenje, kijiji cha mbali, wakahama. Maji tuliteka jicho moja likiwa kwenye ndoo na la pili kwa mamba.

Nyanya ndiye aliyenilea. Alikuwa mfupi, mfupi wa kupotea katikati ya mahindi machanga. Babu alipomjengea nyumba alimsimamisha mbele ya ubao, akachora mstari juu ya kichwa chake, akaongeza upana wa kiganja kwa ajili ya kilemba, akakata mlango hapo hapo. Nyumba ilikuwa ya nyanya, alisema babu, na wageni watajua la kufanya. Wageni walijua. Waliinama.

Sasa nikwambie habari za namba. Mzee wetu wa kijiji alipenda sheria kuliko alivyopenda chakula, na sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hiyo ya namba za nyumba. Aliitamka kila baraza, hata baraza la kuzungumzia nyani. Namba hupakwa kwa rangi nyeupe, naye ndiye mpakaji. Hupakwa mlangoni, si ukutani, kwa kuwa kuta zetu zilikuwa za udongo na mto ukifurika ziliyeyuka kama sukari kwenye chai. Mlango utazame njia. Mlango usikatwe wala usiongezwe kipande, la sivyo namba yake imekufa. Aliyefika kijijini kwanza ndiye mwenye namba ndogo. Halafu, akiinua kidole, alifika kwenye sehemu yenye utamu: mafuriko yakituhamisha, kila mtu ang'oe mlango wake aubebe, na tukifika pakavu tutachagua viwanja kwa kufuata namba za milango. Zamani watu walikuwa wakiacha milango majini, kisha kila mmoja anadai yeye ni namba tatu. Mzee akakata ugomvi huo kwa maneno yaliyomlevya mwenyewe. "Nyumba ni mlango," alisema, "na mlango ni wa aliyeubeba."

Namba moja ilikuwa yake, bila shaka. Namba mbili ilikuwa ya nyanya, aliyefika pale na jembe lake wakati wenyeji walikuwa nyani peke yao. Namba ile ilikuwa maisha yetu, maana wa pili kuchagua anapata mwinuko, na anayekaa mwinukoni analala pakavu.

Jirani yetu alikuwa namba kumi na tisa. Alikuja baadaye sana na nyavu zake za samaki. Alikuwa na ulimi wa asali, na urefu ambao sijui nikueleze vipi. Mvua ilimnyeshea yeye kwanza, sisi tukafikiwa kesho yake. Akisimama kwetu, watu wa ng'ambo ya mto walimsalimia.

Mto ukaja. Uliingia asubuhi, taratibu, kama mgeni anayejua chumba chake. Mtumbwi wa kwanza uliwekewa watoto, vikongwe na kuku. Mlango wetu ulikuwa mfupi lakini mzito, na nyanya alikuwa na goti bovu. Jirani akamwambia kwa sauti ile ya asali, "Mama, tangulia na mtoto. Mlango wako nitauleta pamoja na wangu." Nyanya akamshukuru. Akampa na ndizi za kuchoma, ale njiani. Mlango naweza kuusahau siku moja, Mungu akipenda. Zile ndizi sitazisahau.

Tukafika nchi kavu, tukakaa juu ya mabunda yetu tukitazama maji. Jirani akaja akisukuma mtumbwi kwa upondo, amesimama wima, na ndani yake mlango mmoja. Kila mtu aliuona, hauhitaji mkalimani: mfupi, mpana, na namba mbili nyeupe ikicheka katikati.

Nyanya akasema, "Huo ni wangu."

Jirani hakubisha. Ningemheshimu kidogo kama angebisha. Alimgeukia mzee wa kijiji kwa adabu zote za dunia. "Mzee, wangu umechukuliwa na maji. Huu nimeubeba mimi. Tutamkie sheria yako, mlango ni wa nani?"

Mzee akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena kama kambare kwenye kikapu. Angeweza kusema neno moja la kibinadamu na mambo yakaisha. Lakini kuivunja sheria ile ilikuwa sawa na kumwambia amkane mamaye. Akasema, polepole, macho chini, "Ni wa aliyeubeba."

Hivi ndivyo nyanya, aliyefika kabla ya njia kuwepo, alivyokuwa namba arobaini na moja, ya mwisho kabisa. Hatukuwa na mlango, kwa hiyo mzee alitupaka namba juu ya mkeka. Nililia kwa sauti mpaka mamba wakarudi majini. Nyanya hakulia. Alikuwa akimtazama jirani kuanzia miguuni, akipanda, akipanda, mpaka alipofika kichwani shingo yake ikawa imekunjuka yote. Kisha akautazama mlango. Nilimwona akitabasamu, nikadhani ni uchungu.

Viwanja vikachaguliwa. Jirani akachukua mwinuko. Ilipofika zamu yetu vilibaki viwanja viwili: kimoja nyuma karibu na boma la mbuzi, chenye nafuu kidogo, na kingine chini ya mwinuko, bondeni, kikitazamana uso kwa uso na nyumba ya jirani. Nyanya akachagua cha bondeni. Watu wakanong'ona kwamba mafuriko yamemwingia kichwani. Hata mimi nilimvuta kanga nikimwonyesha boma la mbuzi. Akaniambia ninyamaze, nitakuja kuelewa.

Nilielewa asubuhi ya kwanza baada ya nyumba kusimama. Nyanya aliamka, akaweka kigoda mbele ya mkeka uliokuwa mlango wetu, akakaa na chai yake ya maziwa. Ng'ambo ya njia, kule juu, mlango ukafunguka. Sheria ilisema mlango utazame njia, na njia ilikuwa sisi. Jirani akatoka. Na ili atoke, rafiki yangu, ilimbidi ashike magoti kwa mikono miwili, akunje mgongo, ateremshe kichwa mpaka karibu na kizingiti, ajivute nje hivyo hivyo, uso wake ukielekea kwa nyanya.

Nyanya akashusha kikombe. "Marahaba, mwanangu," akaitikia.

Jirani akajigonga kichwa.

Kesho yake vile vile. "Marahaba, baba. Umeamkaje?" Mtondo vile vile. Akienda shambani, marahaba. Akirudi kuchukua kofia, marahaba. Nyanya hakumtukana hata mara moja, hakumnyooshea kidole. Alikuwa mwanamke mzee anayeitikia salamu za kijana mwenye adabu, basi. Njia ile ilikuwa ya kwenda mtoni, kwa hiyo wanawake wakaanza kupitisha ndoo zao saa hiyo hiyo ya asubuhi, hata wale waliokuwa na maji tele nyumbani.

Alijaribu kila njia. Alijaribu kutoka kinyumenyume, makalio yakitangulia. Nyanya akamwambia kwa upole kwamba salamu ya upande huo haitikii. Alijaribu kuuinua mlango kutoka ardhini ili fremu iende juu, na chini ikabaki nafasi ambayo kuku waliipenda, na mbuzi waliipenda, na kenge mmoja aliipenda hata akaonekana kitandani amejilaza kama mwenye nyumba. Mzee wa kijiji akaja, akachungulia ile nafasi, akasema sheria haijui mlango unaoelea. Kuongeza ubao juu hakuweza, namba ingekufa. Basi akachukua jembe akachimba sakafu, aishushe nyumba badala ya kupandisha mlango. Akapata kimo cha kichwa, kweli. Lakini mvua ya kwanza iliteremka yote mle ndani, na kijiji kikashuhudia nyumba ya mwinukoni, iliyoibwa ili mtu akae pakavu, ikiwa ndiyo peke yake yenye vyura. Nilikwenda kuchungulia. Nilikwenda zaidi ya mara moja. Sijapata kuona vyura wazuri kama wale.

Siku nyanya alipokuwa shambani jirani alitoka ameachia uso, akidhani amepumzika. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mimi, miguu haifiki chini. "Marahaba," nikamwambia. Akawaka. Alinipeleka kwa mzee wa kijiji kwa kosa la mtoto kumwitikia mtu mzima. Nikajieleza kwamba naitika kwa niaba ya nyanya, hayupo. Mzee akatafakari kwa muda wa kupika maharagwe, nadhani naye alikuwa na lake moyoni, kisha akatamka kwamba sheria haimkatazi mtu kupokea salamu za mwenziwe.

Lakini aliyemmaliza jirani yangu hakuwa mimi wala nyanya. Alikuwa mama wa Kiorma aliyetuletea maziwa kila asubuhi kutoka malishoni. Yeye namba hakuwa na haja nazo, alizijua nyumba kwa watu wake. Aliona mambo ya mlango ule siku mbili tatu, akaweka kibuyu chini, akamuuliza nyanya kwa Kiswahili chake, "Huyu mzee ya Shikamoo, yeye nakunywa maziwa?"

Jina likashika kama moto wa nyasi. Bwana Shikamoo. Mgeni akija kuuliza njia anaambiwa, ukifika kwa Shikamoo pinda kushoto. Mvuvi akimtafuta mwenzake, yuko kwa Shikamoo. Ndani ya msimu mmoja hapakuwa na mtu aliyesema nyumba namba mbili. Namba ilikuwa pale, nyeupe, kubwa, mzee akiipaka upya kila mwaka, na hakuna aliyeisoma. Aliiba namba, akapewa salamu.

Ndipo asubuhi moja akaja. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni utelezi. Tulimwona akishuka mwinuko amebeba mlango kichwani, polepole. Akauegemeza kwenye ukuta wetu. Hakuwa na asali tena kwenye ulimi.

"Mama," akasema, "chukua mlango wako. Nimechoka."

Moyo wangu ulipanda mwinukoni kabla yake. Nilikwisha kujiona kule juu, kitanda changu pakavu, mimi nikitazama bondeni na kuwahurumia watu. Maana usisahau tulivyoishi. Mvua kidogo tu na mkeka wetu unaelea, tunalala juu ya uchaga na kuku miguuni. Nilikimbilia kuushika ule mlango, nikaukumbatia. Ulikuwa bado na harufu ya moshi wetu.

Nyanya akampa jirani kigoda chake, akampa na uji. Akamwacha anywe mpaka akaumaliza. Kisha akamwambia, "Urudishe ulikoutoa."

Jirani akadhani hakusikia vizuri. Mimi pia.

"Ukiuacha hapa leo," nyanya akasema, "kesho watu watasema ulinipa. Namba ile sikupewa na mtu. Rudi nao, mwanangu. Na mimi nimeshazoea kuamkiwa."

Ilibidi wanibandue kwenye mlango kama kupe. Jirani akaubeba tena, akapanda, akaupachika, na kabla hajaingia aligeuka kutazama kama nyanya bado yupo. Alikuwepo. Akashika magoti.

Msimu ule maji yaliingia kwetu mara nyingi, nikakohoa mpaka Krismasi, na kila nilipokohoa nilimkasirikia nyanya kidogo na jirani sana. Sasa nimekuwa na umri aliokuwa nao yeye, nami nimekwisha kufanya hesabu yangu. Ningeuchukua ule mlango. Ningeuchukua na ile misumari yake. Lakini nyanya hakutaka mwinuko kama nilivyoutaka mimi. Alitaka kijiji kizima kiendelee kuona, kila asubuhi, nani alifika kwanza.

Alifariki akiwa namba arobaini na moja. Baada yake mto ulikuja tena na tena, na mara ya mwisho watu hawakubeba milango. Walibeba watoto na simu. Wengine wakaja hapa Garsen, wengine Hola, wengine hata sijui. Nilikwenda kupatazama tulipokaa, na miiba ya mathenge imefunga kila kitu. Huwezi kujua palipokuwa mwinuko na palipokuwa bonde. Njia ya mtoni nimeitafuta kwa miguu yangu mwenyewe nisiione, mimi niliyeipita nikiwa usingizini.

Mwaka jana nilikuwa Hola kwa shughuli zangu, nikaambiwa jirani yupo, anakaa kwa mwanawe. Nilikwenda. Usidhani nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, na aliposimama kunipokea hakusimama. Mgongo ulibaki umekunjwa kama mundu. Nyumba ya mwanawe ina mlango wa chuma ambao ngamia angepita amebeba mzigo, naye alinikaribisha ndani akishika magoti. Wajukuu wakacheka.

"Wanadhani ni uzee," akaniambia. "Mgongo huu ni kazi ya nyanya yako."

Nilifurahi. Mbona nikufiche? Nilifurahi kama siku ya harusi yangu, na nilikula sambusa zake zote. Lakini furaha haikunitosha. Nikamuuliza kama wale watoto amewaambia ulitoka wapi mgongo huo. Akanisogezea sahani tupu. Nikamwambia, "Waite."

Akawaita. Wakaja, wakubwa kwa wadogo, na simu zao, wakakaa mkekani. Naye akawaambia, nami nikimtazama mdomoni nisikose hata neno, kwamba alipokuwa kijana aliubeba mlango wa mama mmoja akaufanya wake, na kwamba namba mbili haikuwa ya kwake, ilikuwa ya yule mama, nyanya wa huyu mgeni. Alisema yote. Hata zile ndizi alizitaja, na mimi sikumkumbusha. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu miguu yangu haifiki chini.

Msichana mdogo akainua uso. "Namba mbili ya wapi, babu?"

Jirani akanitazama. Nikamtazama. Alitaja jina la kijiji, na watoto wakatazamana, hawajapata kulisikia. Nikasema ni pale mto unapopinda, kisha nikakumbuka mto umehama. Yeye akasema ni karibu na nyumba ya mzee wa kijiji. Nikasema ilikuwa juu kwenye mwinuko. Akasema mwinuko wenyewe haukuwa mkubwa sana, nikamwambia asianze. Tulibishana pale mpaka chai ikapoa, huku watoto wakirudi mmoja mmoja kwenye simu zao, kisha tukabaki sisi wawili peke yetu tukigombania uwanja ambao hakuna mtu mwingine duniani aliyejua kwamba upo.

Sijamsamehe, na sina mpango. Lakini kila sala namwombea maisha marefu, mwizi yule. Nikimaliza kumwombea naongeza na mgongo wake, ubaki ulivyo. Siku akiondoka, hata mimi nikiwaambia watu nyanya yangu alikuwa namba mbili, nani atakayekuwepo kukana, au kukubali?